Nikiacha Sindano, Nitazaa Lini?

Kadi yenyewe ni ya karatasi ngumu, imekunjwa katikati, na kingo zimeshachakaa kwa kukaa mkobani pamoja na funguo na chenji. Ndani yake zimo tarehe 16 zilizoandikwa kwa kalamu za rangi tofauti, kila moja ikiwa miezi mitatu baada ya ile iliyotangulia. Miaka minne ya sindano ya kupanga uzazi. Mwenye kadi ni mtoto wa mama yangu mdogo, na siku aliponiletea nyumbani aliiweka mezani kama mtu anayeleta ushahidi. "Dada," akaniambia, "huu mwezi wa nane tangu nichome ya mwisho, na sioni kitu. Mama mkwe anasema kizazi nimekikausha kwa mikono yangu mwenyewe."

Niliigeuza kadi mbele na nyuma. Ina mahali pa jina, umri, idadi ya watoto, uzito, presha, tarehe ya kurudi. Haina mahali pa kuandika siku ya kuacha, wala neno moja la kumweleza mwanamke akishaacha atarajie nini. Nikamuuliza siku ile ya kwanza waliongea nini. Alikumbuka vizuri. Alimuuliza nesi, je, akitaka mtoto wa pili itakuwaje, na nesi akamjibu: "Ukiacha tu, unashika."

Maneno matatu. Kwa vidonge au kitanzi yangekaribia ukweli. Kwa sindano ya miezi mitatu si kweli, na kwa maoni yangu maneno hayo matatu, yanayorudiwa kwa upole kwenye vituo vyetu kila siku, yanaujenga uvumi wa ugumba kuliko mganga yeyote wa mitishamba. Mwanamke ameahidiwa kitu. Ahadi haikutimia. Aliyemwahidi hayupo kumweleza kwa nini, lakini mama mkwe yupo, jirani yupo, na wote wana maelezo.

Tuanze na takwimu, maana zipo, na zimekuwepo kwa muda mrefu. Sindano inayotumika zaidi kwetu inajulikana kwa jina la Depo-Provera, miligramu 150 za homoni iitwayo medroksiprojesteroni zinazochomwa msulini. Maelezo rasmi ya dawa hiyo nchini Marekani yanaeleza utafiti uliofuatilia wanawake walioacha sindano ili wazae. Kati ya waliopata mimba, nusu walikuwa wameshaipata ilipotimia miezi 10 tangu sindano ya mwisho. Wa mapema kabisa alishika mwezi wa 4, na wa mwisho mwezi wa 31. Kwa makadirio ya watafiti, katika kila wanawake 100 ambao hatimaye hupata mimba, 68 huwa wameipata ndani ya miezi 12, 83 ndani ya miezi 15, na 93 ndani ya miezi 18. Kisha inafuata sentensi fupi ambayo ningependa ibandikwe kwenye ukuta wa kila kliniki: muda huo hautegemei mwanamke ametumia sindano kwa miaka mingapi.

Soma tena hesabu hiyo ukimfikiria mdogo wangu. Yuko mwezi wa nane. Zaidi ya nusu ya wanawake wenye historia kama yake, na ambao baadaye walizaa, walikuwa bado wanasubiri katika mwezi huo. Yuko katikati ya foleni, wala hajaachwa nyuma. Laiti angeambiwa hivyo miaka minne iliyopita, asingelala macho usiku akihesabu madhambi yake.

Kwa nini sindano inachelewesha? Dawa ile haiyeyuki mara moja. Inaingia msulini ikiwa chembechembe ndogo mno, zinatulia pale kama ghala, zikiyeyuka kidogo kidogo na kuingia kwenye damu. Homoni hiyo inautuliza ule upande wa ubongo unaosimamia uzazi. Ubongo ukitulia, ovari haipewi amri ya kupevusha yai, na yai lisipopevuka hakuna mimba. Sasa, ile miezi mitatu imepangwa ili kinga imtoshe hata mwanamke ambaye mwili wake unaimaliza dawa upesi. Kwa wengi ghala halimaliziki siku ya 90. Linaendelea kutoa akiba, kwa mmoja wiki chache, kwa mwingine miezi kadhaa, na mpaka akiba hiyo iishe ubongo hauamki. Kinachochelewesha ni dawa iliyobaki msulini, wala hakuna kiungo kilichoharibika.

Mayai nayo hayakauki. Mtoto wa kike huzaliwa na mayai machanga milioni moja au zaidi, na katika maisha yake yote ni kama 400 tu yatakayopevuka na kutoka. Mengine hufa yenyewe mwezi hadi mwezi, mwanamke awe anatumia sindano, ana mimba, ananyonyesha au ni mtawa. Ni hivyo hivyo kwa damu ambayo watu husema "inajazana tumboni". Baada ya mwaka mmoja wa sindano, zaidi ya nusu ya watumiaji hawaoni hedhi kabisa, na sababu ni kwamba ukuta wa ndani wa mji wa mimba umebaki mwembamba. Hakuna kilichojengeka, kwa hiyo hakuna cha kudondoka. Nimekaa na wanawake wazima, wasomi, wenye shahada, wanaoamini kwamba damu ile imeganda mahali fulani na siku moja itatoka kwa hasira. Siwalaumu. Hakuna aliyewachorea picha.

Njia nyingine zina hadithi tofauti, na hapa ndipo utafiti wa karibuni umesaidia sana. Mwaka 2020 jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ, lilichapisha kazi iliyoongozwa na Jennifer Yland wa Chuo Kikuu cha Boston. Walifuatiliwa wanawake 17,954 wa Denmark, Marekani na Kanada waliokuwa wanatafuta mimba, wakaulizwa njia waliyoacha mwisho. Walioacha sindano walichelewa kurudia hali ya kawaida kwa mizunguko 5 hadi 8 ya hedhi. Walioacha kibandiko cha homoni kinachobandikwa kwenye ngozi, mizunguko 4. Walioacha vidonge, 3. Walioacha kitanzi au vijiti, mizunguko 2 tu. Baada ya hapo wote walikuwa sawa na wanawake wengine, na urefu wa miaka waliyotumia homoni haukuleta tofauti.

Kwa upande wa vidonge kuna utafiti mwingine mkubwa wa Ulaya, uliowafuatilia watumiaji zaidi ya 59,000. Katika walioacha ili wazae, mmoja kati ya watano alishika mzunguko wa kwanza kabisa, na karibu 80 katika kila 100 walikuwa na mimba mwaka ulipotimia. Mzunguko wa kwanza! Dada anayeamini kwamba vidonge vimemkausha, akaacha kuvimeza na kuendelea na maisha yake bila kinga kwa kuwa "mwili unahitaji kupumzika", ndiye huyo huyo tunayekutana naye miezi mitatu baadaye akiwa na mimba asiyoitarajia. Uvumi wa ugumba una makali pande zote mbili, na upande huu huzungumzwa mara chache. Hata aliyeacha sindano asitegemee kutokuona hedhi kama dalili ya usalama, kwa sababu yai hutoka kabla ya hedhi ya kwanza kurudi. Anaweza kushika mimba bila kuona hata tone.

Watafiti wa Ethiopia, Tadele Girum na Abebaw Wasie, walikusanya tafiti 22 zenye wanawake 14,884 na kuzichambua kwa pamoja mwaka 2018. Kwa njia zote zikichanganywa, wanawake 83 katika kila 100 walipata mimba ndani ya mwaka mmoja baada ya kuacha.

Hapo msomaji makini atauliza: na wale 17? Ni swali zuri, na nadhani ndilo kiini cha mjadala wote. Chukua wanawake 100 ambao hawajawahi kumeza hata kidonge kimoja maishani, waanze kutafuta mtoto leo. Mwaka ukiisha, 15 hivi kati yao watakuwa hawajapata. Ndiyo hali ya binadamu. Wapo wenye mirija iliyoziba, wapo wenye waume wenye mbegu chache, wapo ambao bahati tu haijafika na itafika mwezi wa 14. Shirika la Afya Duniani lilitangaza Aprili 2023 kwamba mtu 1 kati ya 6 duniani hupitia ugumba katika maisha yake. Katika mtaa ambao wanawake wengi wamewahi kutumia njia fulani, karibu kila mwanamke anayechelewa kuzaa atakuwa ameitumia pia. Si kwa sababu njia imemzuia. Ni kwa sababu kila mtu ameitumia. Kenya, kwa utafiti wa kitaifa wa 2022, wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa walikuwa asilimia 57, na Tanzania mwaka huo huo asilimia 31. Hesabu hizo ni za watumiaji wa wakati ule tu, na waliowahi kutumia ni wengi zaidi. Mtu akitafuta wa kumnyooshea kidole, hakosi.

Kuna na umri. Mwanamke anaanza sindano ana miaka 27, ana watoto wawili, anaacha akiwa na 36 kwa sababu ameolewa upya na mume mpya anataka mtoto. Sindano haikubadilisha kitu, lakini miaka tisa imepita, na uwezo wa kushika mimba hupungua taratibu kwa umri, hasa baada ya 35. Njia ilimpa miaka ile aitumie atakavyo. Haikuweza kuisimamisha. Hili nalo hakuna anayemwambia, na akifika kliniki akiwa na miaka 36 anaambiwa asubiri mwaka mzima kama msichana wa 22, wakati aliyevuka 35 anashauriwa kuanza kuchunguzwa baada ya miezi sita.

Sasa kitanzi, au lupu kama wengine tunavyoita. Sifa yake mbaya ina chanzo halisi. Kati ya 1971 na 1974 Marekani iliuzwa aina iliyoitwa Dalkon Shield, na uzi wake ulikuwa umesukwa kwa nyuzi nyingi ndani ya ala, ukawa kama utambi unaovuta vijidudu kutoka ukeni kwenda ndani. Wanawake wengi waliugua, wengine wakapoteza mimba wakiwa katika hatari ya kufa, wengine wakapoteza uzazi. Kampuni iliyoitengeneza ilizama kwenye kesi hadi ikaomba ulinzi wa mufilisi mwaka 1985. Vitanzi vya leo vina uzi usio na utambi huo, lakini jina lilishachafuka dunia nzima.

Ndipo David Hubacher na wenzake wakaenda Mexico City kuuliza swali kwa ustadi ambao bado naustaajabia. Waliwakusanya wanawake 1,895: wenye ugumba na mirija iliyoziba, wenye ugumba ambao mirija yao ni mizima, na waliokuwa na mimba yao ya kwanza. Wakawauliza kama waliwahi kuwekewa kitanzi cha shaba. Kisha, na hapa ndipo ustadi ulipo, wakawapima damu kutafuta kingamwili za klamidia, yaani alama kwamba mwanamke aliwahi kuambukizwa ugonjwa huo wa zinaa hata kama hakujua. Majibu yalichapishwa 2001. Waliowahi kutumia kitanzi cha shaba hawakuwa na hatari zaidi ya kuziba mirija kuliko wasiowahi. Waliowahi kuambukizwa klamidia walikuwa na hatari zaidi ya maradufu.

Nakaa sana kwenye utafiti huu kwa sababu unatuonyesha mwizi halisi. Klamidia kwa wanawake wengi haina dalili. Hakuna maumivu, hakuna uchafu wa ajabu, hakuna kinachomfanya aende hospitali. Inapanda kimya kimya hadi kwenye mirija, inaacha makovu, na miaka mitano baadaye mwanamke anaambiwa mirija imeziba na anakumbuka kitu kimoja tu kilichowahi kuingizwa mwilini mwake: kile kitanzi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 Shirika la Afya Duniani liliwachunguza wenzi wenye ugumba katika nchi 25. Afrika kusini mwa Sahara ilijitenga na dunia nyingine kwa kiwango cha ugumba uliotokana na maambukizi. Wakati ule uzazi wa mpango wa kisasa ulikuwa haujaenea vijijini kwetu. Bibi zetu waliokosa watoto hawakuwa na wa kumlaumu ila uchawi.

Na leo? Kwenye zahanati nyingi magonjwa ya zinaa yanatibiwa kwa dalili: ukilalamika unapewa dawa, usipolalamika unarudi nyumbani. Kwa klamidia utaratibu huo unawaacha wengi nje. Kama tungekuwa tunajali uzazi wa wanawake kwa kiwango tunachosema tunajali, kipimo cha klamidia kingekuwa karibu na dirisha lile lile linapotolewa sindano. Nalisema hili kwa uchungu, maana tunabishana kuhusu sindano ambayo athari yake kwa uzazi inapita, huku ugonjwa ambao athari yake haipiti ukiachwa bila kupimwa.

Wanaume nao hawatajwi. Katika karibu nusu ya wenzi wanaoshindwa kupata mtoto, tatizo liko kwa mwanamume, peke yake au pamoja na mwenziwe. Kipimo cha mbegu ni cha kikombe na darubini. Hakina upasuaji, hakina maumivu. Lakini mwanamke atapigwa picha za mirija, atanywa mizizi, atafungiwa hirizi, atarudishwa kwao, kabla mumewe hajaombwa ajaze kile kikombe. Na kwa kuwa mke aliwahi kutumia sindano, mume amepata kisingizio kilicho tayari cha kutopimwa.

Nisije nikaeleweka kwamba wanaoogopa ni wajinga. Hofu hii ina historia. Vidonge vya kwanza vilijaribiwa kwa wingi Puerto Rico kuanzia 1956, kwa wanawake maskini, kwa dozi zilizozidi za leo mara kadhaa, na walipolalamika kichefuchefu na kizunguzungu wakuu wa utafiti waliyachukulia malalamiko yao kama mambo ya kichwani. Rhodesia, yaani Zimbabwe ya leo, chini ya utawala wa walowezi ilisambaza Depo-Provera kwa wanawake weusi kwa namna iliyowafanya wengi waamini lengo ni kupunguza idadi yao, na mwaka 1981, mara tu baada ya uhuru, serikali ya Zimbabwe ikaipiga marufuku. Anayesema "hawa wazungu wanataka tusizaane" hakuliokota hilo barabarani. Alirithi kumbukumbu. Kumbukumbu hiyo haijibiwi kwa kuambiwa "hizo ni imani potofu" na mtu ambaye mwenyewe hakutaja ile miezi 10.

Kuna jambo katika historia hiyo hiyo ambalo naliona la ajabu. John Rock, mmoja wa madaktari waliozaa kidonge, alikuwa bingwa wa kutibu ugumba mjini Boston. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliwapa wanawake 80 waliokosa watoto homoni zile zile za kuzuia yai kutoka, akitaka kuupumzisha mfumo wao wa uzazi. Walipoacha, 13 walipata mimba ndani ya miezi minne. Hakukuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatuwezi kusema homoni ndizo zilizowapa mimba. Lakini wanawake wa mwanzo kabisa kuingia katika safari hii ya utafiti walikuwa wanatafuta watoto.

Lawama yangu nyingine ni kwa watafiti wenyewe. Angalia ule utafiti wa Marekani nilioanza nao: taarifa zilipatikana kwa asilimia 61 tu ya walioacha sindano ili wazae. Wale 39 walikwenda wapi? Huenda walizaa wakasahau kurudi, huenda walikata tamaa. Majaribio ya dawa za kupanga uzazi yameundwa kujibu kama dawa inazuia mimba, kwa hiyo mwanamke akisema "sasa nataka mtoto" anaandikwa kuwa ameacha na daftari lake linafungwa. Kwa mtafiti hadithi imeisha. Kwake ndiyo kwanza inaanza. Kazi ya kuwafuatilia walioacha ilifanywa zaidi Chiang Mai, Thailand, ambako Edwin McDaniel na Tieng Pardthaisong waliwafuatilia wanawake kwa miaka na kuonyesha, katika jarida la Lancet mwaka 1980, kwamba ndani ya miaka miwili zaidi ya 90 katika kila 100 walikuwa wameshapata mimba. Kisha Marekani, kisha Ulaya. Waafrika, ambao tunaitegemea sindano hiyo kuliko wengi duniani, tumefuatiliwa kidogo mno.

Na haiwezi kusemwa kwamba utafiti mkubwa haufanyiki kwetu. Kwa karibu miaka 30 ilibishaniwa kama sindano hii inaongeza hatari ya kuambukizwa VVU, hadi jaribio la ECHO likapanga kujibu. Wanawake 7,829 wa Afrika Kusini, Eswatini, Zambia na Kenya, wakiwemo wa Kisumu, walikubali kupangiwa kwa bahati nasibu sindano, kitanzi cha shaba au kijiti. Juni 2019 majibu yakatoka: hakukuwa na tofauti kubwa ya hatari ya VVU kati ya njia hizo tatu. Yalitoka pia mengine ya kuhuzunisha, kwamba kwa ujumla wanawake karibu 4 kati ya 100 waliambukizwa kila mwaka. Wale wanawake wa Kisumu walitoa miili yao na muda wao ili dunia ipate jibu. Swali lao wenyewe, lile linaloulizwa kwenye benchi la kliniki, je nitazaa tena na lini, linastahili fedha na heshima ya namna hiyo hiyo.

Wapo watakaoniambia: ukimweleza mwanamke kwamba sindano inachelewesha, ataikataa, atapata mimba asiyoitaka, na vifo vya wajawazito vitaongezeka. Nimeisikia hoja hii kwa watu ninaowaheshimu, na siikubali. Wanawake wetu hupima mambo mazito kila siku. Mwaka 2024 watafiti wa Ufaransa walichapisha kwamba kutumia sindano hii zaidi ya mwaka mmoja kunahusiana na hatari iliyopanda mara 5.6 ya kupata uvimbe wa utando wa ubongo unaohitaji upasuaji. Ni ugonjwa adimu, kwa kawaida si saratani, na hatari ya mtu mmoja mmoja inabaki ndogo. Mwanamke ana haki ya kulijua hilo akalinganisha na hatari ya mimba ya tano akiwa na presha. Anayetaka kukaa miaka mitano bila mtoto, ucheleweshaji wa miezi 10 haumsumbui. Anayetaka mtoto mwakani anahitaji kuambiwa leo achague kijiti, kitanzi, vidonge au kondomu. Na aliye kwenye sindano tayari anaweza kuhamia njia nyingine mapema, dawa ikaishia msulini huku akiwa bado amekingwa. Ni mpango mwepesi kabisa, lakini haupangwi kama muda wa kusubiri umefichwa.

Kitabu cha mwongozo ambacho Shirika la Afya Duniani huwapa watoa huduma kinasema wazi kwamba walioacha sindano hii huchelewa kushika mimba kwa wastani wa miezi minne zaidi ya walioacha njia nyingine, na kwamba mwanamke asiingiwe na hofu hata ikipita miezi 12. Maneno hayo yapo kabatini. Ninachoomba yatoke kabatini, yaandikwe kwenye ile kadi ya karatasi ngumu, kwa Kiswahili, chini ya tarehe ya sindano ya kwanza.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja tena. Chupa ya dawa ya kusafisha kizazi, ile ya rangi ya chai iliyokozwa ambayo mama mkwe alimnunulia, ameiacha juu ya friji bila kuimaliza. Tuliketi na kalenda ya ukutani, tukahesabu kwa kidole kutoka sindano ya mwisho: mwezi wa 10 unaangukia baada ya msimu wa mvua, wa 18 uko mwakani. Alizungushia duara kila mmoja. Kisha akasema, kama kitu kidogo tu, kwamba amezungumza na mumewe, na mumewe amekwenda kupima. Majibu yake yanatoka Alhamisi.